Daftari la Zamu Mbili

Kuni za mikaratusi zikilowa mvua na bado zikalazimishwa kuwaka, hutoa moshi mzito, mchungu, unaoganda kwenye nguo hata ukizifua mara mbili. Wiki iliyopita jirani yangu aliziwasha uani. Nilikuwa nimebeba ndoo, nikasimama tu pale, maji yakinimwagikia viatuni. Akili yangu ilikuwa imenipeleka kwenye dawati la mbele la darasa la sita, nikiwa nimezika pua katikati ya kurasa za daftari.

Ninyi mliosoma Goma wakati wetu mnakumbuka habari ya zamu mbili. Sisi tuliingia asubuhi, tukatoka saa sita na nusu, na kabla vumbi la chaki halijatulia, watoto wa mchana walikuwa wamekwisha kukalia nafasi zetu. Mwaka ule wengi wao walikuwa wametoka Rutshuru na Kiwanja, wamekimbia vita pamoja na wazazi wao. Walilala kwenye mahema ya shitingi za plastiki kambini kule Munigi, na shule ilikuwa imekubali wasome bila malipo. Hatukuwajua. Tulipishana nao getini kama maji yanayoingia na maji yanayotoka.

Mimi mwili wangu ulisimama nilipokuwa na miaka saba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini kwa kimo nilikuwa bado wa saba. Papa, baba yangu, alinipeleka hospitali, daktari akaongea Kifaransa kwa muda mrefu, akachora mfupa kwenye karatasi. Njiani tukirudi Papa aliniambia kwa kifupi: "Mungu amekupima hivi." Sijawahi kumsikia akilalamika. Alikuwa dereva wa lori. Barabara ya Rutshuru ilipofungwa na vita alienda kutafuta mizigo upande wa Bukavu, akawa anarudi nyumbani mara moja kwa wiki mbili. Mama yangu alikwisha kufariki nikiwa mdogo, hata simkumbuki. Niliishi kwa shangazi yangu, Mama Aziza, mwanamke mwenye watoto sita na makelele yao yote, aliyenitunza vizuri na kunisahau vizuri pia.

Watu walikuwa wakinibeba. Hawakuniuliza. Kwenye mfereji, kwenye ngazi za shule, nikipanda pikipiki, mikono ilitoka mahali fulani ikanishika kwapani, nikapaa kama mfuko wa maharagi. Wasichana wa darasa langu walinikaribisha kwenye michezo yao ya nyumba, lakini kila siku nilikuwa mtoto mchanga. Wao ndio walikuwa mama, dada, bibi harusi. Siku moja nikasema na mimi nataka kuolewa. Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Toka siku hiyo wakati wa mapumziko nilibaki darasani peke yangu, nikaanza kuandika kitabu.

Kiliitwa Mji wa Mazuku. Mnajua mazuku, ile hewa mbaya ya volkano inayotoka ardhini na kujificha mabondeni, inayoua mbuzi na watoto kwa sababu pua zao ziko karibu na chini. Katika kitabu changu mazuku yalikuwa yamepanda yakafika kifua cha mtu mzima, na hayakushuka tena. Mji ulitawaliwa na Wapimaji. Kila mwezi walimsimamisha kila mtu kwenye nguzo yenye mstari mwekundu. Waliopita mstari walipewa barabara, soko na ziwa. Waliokuwa chini yake walipandishwa ghorofani na kukatazwa kukanyaga ardhi hadi watakapokua. Kule juu walitembea juu ya mbao zilizounganisha nyumba na nyumba, wakilishwa kwa kamba na kikapu. Wapimaji walisema ni kwa usalama wao, na kwa sehemu ilikuwa kweli, ndiyo maana hakuna aliyeweza kubishana nao.

Shujaa wangu aliitwa Sifa. Alikuwa na miaka kumi na saba, anajua kusoma ramani, anajua kusema uongo, na hakukua. Kila mwezi alisimama kwenye nguzo na kila mwezi alirudishwa ghorofani pamoja na watoto wadogo waliomwita dada. Chini ya dirisha lake alifagia kijana mrefu anayeitwa Amani. Mwishoni mwa sura ya pili Sifa alichungulia dirishani, Amani akainua uso. Niliishia hapo kwa sababu moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio na sikujua watu wanaopendana huanza kusema nini.

Daftari, sisi tulisema kaye, sikulipeleka nyumbani. Kwa Mama Aziza karatasi yoyote iliyolala ovyo iliwashiwa makala, yaani makaa ya jikoni. Nililiacha shuleni, kwenye ubao mdogo ulio chini ya dawati, nimelisukuma hadi ndani kabisa. Sikuwaza kwamba dawati lile lilikuwa na mwenyewe mwingine.

Jumatatu nililikuta mahali pake. Nikafungua. Chini ya sentensi yangu ya mwisho palikuwa na mwandiko mkubwa wa kalamu ya risasi, herufi zimelalia kushoto kama zinazopigwa na upepo: *Amani akainama. Akasema, panda kwenye mabega.*

Nililisoma neno hilo moja, panda, mara nyingi sana. Kisha nikanusa ukurasa. Ulinuka moshi. Nikafikiri: baba yake anauza mishikaki. Katika mtaa wetu nyumba iliyonuka moshi kila siku ilikuwa ya muuza nyama, watu wenye televisheni kubwa na watoto wenye mashavu. Nikamwona wazi: mrefu, ameshiba, ana viatu vyeusi.

Nikaandika ukurasa mmoja. Kesho yake nikakuta mbili zake. Tukaenda hivyo wiki nyingi. Mimi niliandika asubuhi juu ya Wapimaji, mbwa wao na filimbi zao. Yeye mchana aliandika safari. Amani alikuwa ametoroka mjini na Sifa mabegani, kichwa cha Sifa kikiwa juu ya mazuku, wakielekea mlima ambao hewa yake ni safi. Niliongezea hatari, yeye akaongezea vitu ambavyo mimi nisingevifikiria. Sifa alimshika Amani masikio ili asianguke. Alimpiga kifua kwa visigino alipotaka waende haraka. Alihesabu ng'ombe waliokufa kando ya barabara, akikosea baada ya kumi anaanza tena. Aliomba muwa. Alitaka kukojoa, Amani akamgeuzia mgongo na kuimba ili asisikie.

Hilo la kukojoa liliniudhi kidogo, nikalifuta. Lakini lile la masikio lilinikosesha usingizi. Sikuwahi kusikia kwamba wapenzi hushikana masikio. Niliona ndilo jambo zuri kuliko yote yaliyopata kuandikwa. Nilijishika masikio yangu mwenyewe kitandani, katikati ya watoto wa Mama Aziza waliokuwa wakipumua pande zote, nikawaza kwamba mahali fulani Goma kuna mtu anayenijua.

Nilijaribu kumvuta. Niliandika kwamba Sifa alimwambia Amani ana macho mazuri. Yeye akajibu kwamba Amani hakusikia kwa sababu ya upepo. Niliandika kwamba walipumzika chini ya mwamba na Sifa akaweka kichwa begani pake. Akajibu kwamba walipumzika kidogo tu, kwa sababu watu walikuwa wengi nyuma yao na sufuria ilikuwa inamuumiza mgongo. Sikuelewa sufuria imetoka wapi. Nilidhani ni aibu ya wavulana.

Kisha sura zake zikawa fupi. *Sifa amechoka. Sifa amesema anasikia baridi na jua linawaka.* Kesho yake: *Sifa amenyamaza. Amani anawaza amelala. Anaendelea kutembea.* Na siku iliyofuata hakuandika chochote, alichora tu mstari wa barabara hadi mwisho wa ukurasa.

Nikaona sasa ni zamu yangu kuwa jasiri. Nikaandika kwa biki nyekundu, nje ya hadithi: *Kesho nitakungoja hapa darasani wenzangu wakitoka. Mimi ndiye Sifa.*

Siku hiyo nilibeba viatu vya kisigino vya Mama Aziza ndani ya mfuko. Kengele ilipolia nilivivaa, nikajaza karatasi mbele ili visitoke, nikashika dawati nisianguke. Watoto wa mchana walianza kuingia. Mmoja wao alikuja moja kwa moja mbele. Alikuwa mrefu, hilo nililipatia. Mengine yote nilikosea. Alikuwa na miaka kumi na mitano hivi, shati la shule limemwishia juu ya viwiko, miguuni amevaa ndala mbili zisizofanana, na shavu hakuwa nalo hata moja. Alitazama juu ya kichwa changu, akitafuta mtu.

"Ni miye," nikasema.

Akatazama chini. Sijui niueleze vipi uso wake. Ulifunguka wote, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani katikati ya ugeni. Mikono yake ikanijia, ikashuka kwapani mwangu kama mikono ya watu wote. Kabla haijanigusa ikasimama hewani. Akaiangalia mikono yake. Kisha akageuka, akapita katikati ya wenzake, akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona anakimbia.

Nilivua viatu. Nilichukua daftari nikalirudisha nyumbani, nikalificha chini ya godoro. Mama Aziza aliniuliza kwa nini sili, nikasema tumbo. Nilikuwa na hakika ya nilichokiona: kijana aliyekuja kukutana na msichana akakuta mtoto, akataka kumbeba kama wengine, akajikumbusha, akachukia. Sikulia. Nilikaa kwenye mlango wa jikoni jioni nzima nikichagua sombe ya muhogo, majani mabovu huku, mazuri huku, na kila jani nililolishika nilijiambia kwamba sitamwandikia mtu tena.

Zikapita siku kama kumi. Mwalimu wetu, Madamu Agnesi, alifundisha zamu zote mbili kwa sababu walimu hawakutosha. Asubuhi moja aliniita wakati wa mapumziko, akakaa kwenye dawati langu, magoti yakimgusa kidevu.

"Ile kaye mulikuwa mukiandikiana na Emanueli iko wapi?"

Nikashtuka. Sikujua kwamba anajua, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina lake.

"Nyumbani, Madamu."

"Toka siku mulionana hajarudi shuleni. Alikuwa anakuja mapema kuliko wote, anaandika mbele ya wengine kuingia. Nilimuachia, sababu kwa mdomo hakuwa anaongea." Akapangusa chaki vidoleni. "Alikuwa na dada yake, Furaha. Miaka sita. Walitoka Kiwanja kwa mguu, mama yao alikuwa na mutoto mwingine tumboni, hangeweza kumubeba. Emanueli njo alimubeba kwa mabega, siku mbili. Mutoto alikuwa na homa. Walipofika Munigi wakamushusha, alikuwa amekwisha kufa. Hawajui alifia wapi kwa njia."

Alinyanyuka akanipapasa kichwa, akaniacha. Nilibaki nimekaa. Watoto walikuwa wanacheza kamba nje na nilisikia kamba ikipiga ardhi, ikipiga ardhi.

Nyumbani nilitoa daftari na kulisoma upya tangu mwanzo. Masikio, visigino, ng'ombe, muwa, sufuria. Palipokuwa na mahali pa kukojoa palikuwa na doa la kufuta, jeusi kidogo, na nilijaribu kurudishia maneno yake lakini sikuyakumbuka yote.

Siku iliyofuata, masomo yalipokwisha, sikurudi nyumbani. Nilifuata barabara ya kaskazini kwa miguu. Sikuwahi kwenda mahali popote peke yangu, na kila baada ya hatua chache mtu aliniuliza kama nimepotea. "Mutoto, mama yako iko wapi?" Niliwajibu wote kwamba yuko mbele kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha. Mahema ya Munigi yalisimama juu ya mawe meusi ya volkano, maelfu, na kati yake moshi ulilala chini bila kupanda. Ndipo nilipofahamu harufu ile. Hakuna aliyekuwa anachoma mishikaki.

Niliulizia Emanueli wa Kiwanja hadi mwanamke mmoja akanionyesha hema. Mbele yake alikuwa amechutama mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, anapuliza kuni zilizolowa. Aliinua uso akaniona. Mkono wake ukaenda mdomoni na kukaa hapo.

"Uko na miaka ngapi?" akauliza hatimaye.

"Kumi na tatu, mama."

"Kumi na tatu," akarudia polepole, kama anayejaribu uzito wa kitu. Kisha akafuta jiwe kwa kanga. "Karibu. Ikaa."

Emanueli alikuja na bidoni la maji. Aliponiona aliliweka chini, akakaa kwenye jiwe la mbali kidogo. Mimi ndiye niliyeanza.

"Niliwaza umenichukia."

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa mara nyingi. "Mikono ilitangulia. Miye mwenyewe nilikuwa bado sijafika."

"Sababu gani uliandika ndani ya kaye yangu?"

"Uliandika kwamba Sifa hawezi kukanyaga chini. Nikawaza, huyu mutu anajua."

Sikuwa najua kitu. Nilitamani kumwambia hivyo. Badala yake nilitoa daftari kwenye mfuko wa shule, nikamnyooshea. Hakulipokea.

"Malizia weye. Miye nimeshindwa kumufikisha."

"Nimalizie namna gani?"

Akafikiri. "Usimuoleshe. Tena usimuuwe." Akatazama mawe. "Mufanye akuwe."

"Sifa hakui," nikasema haraka. "Hadithi yenyewe njo hiyo."

Hakubisha. Angebisha ningekuwa na la kumjibu. Alichukua tu kijiti akaanza kuchokoa moto wa mama yake, na mama yake, aliyekuwa anasikia yote, akaendelea kupuliza kana kwamba hakuna aliyesema lolote.

Nataka mnielewe. Sifa alikuwa mtu pekee duniani mwenye mwili kama wangu aliyekuwa mtu mzima. Nilimtengeneza kwa sababu sikumkuta popote, wala mtaani, wala kwenye vitabu vya shule. Miezi ile yote nilikuwa nikimsubiri apendwe vile alivyo, kwa kimo kilekile, ili nijue kwamba inawezekana. Ningemkuza, ningekuwa nimemtoa awe wao.

Nilifungua daftari juu ya magoti. Nikaandika, nikisoma kwa sauti kila sentensi: *Walifika mlimani. Amani akapiga magoti, Sifa akashuka mwenyewe. Akakanyaga ardhi, na ardhi haikumuua.*

Emanueli aliacha kuchokoa moto.

*Akaanza kukua.*

"Andika ameota meno," mama yake akasema bila kugeuka. "Ya mbele. Mawili yalikuwa yameng'oka."

Nikaandika ameota meno.

"Andika anajua kusoma."

Nikaandika.

"Andika anauza sokoni Kiwanja, nyanya na vitunguu, na watu hawamupunji." Sasa alikuwa amegeuka, mikono imejaa majivu. "Andika amenipita urefu."

"Mama, amekupita hadi wapi?" Emanueli akauliza.

Alisimama. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, kisha akakiinua kidogo, akakiacha hewani, akiangalia nafasi ile kati ya nywele na kiganja kama anayeona kitu ndani yake. "Hapa," akasema.

Niliandika kwamba Sifa alirudi mjini kwa miguu yake, akasimama kwenye nguzo ya Wapimaji, na mstari mwekundu ukamfikia begani. Niliandika kwamba siku ile alimkuta mama yake mlangoni na akainama ili amsalimie. Hapo Emanueli alijifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakatikisika bila sauti. Mama yake hakumgusa. Alimwacha, akanipa maharagi kwenye kifuniko cha sufuria, nikala yote kwa sababu nilijua hayakuwa mengi.

Nilipotaka kuondoka aliniomba daftari. Hakujua kusoma. Aliniomba nimwonyeshe mstari unaosema amempita. Nikakiweka kidole chake hapo, kidole cheusi kwa majivu, kikaacha alama. Akalifunga daftari ndani ya kitenge pamoja na vitu vyake vya maana, na sikuthubutu kulidai. Emanueli alinisindikiza hadi barabarani. Tuliagana kwa kushikana mikono kama watu wazima. Akaniambia asante, mimi nikamwambia asante.

Hakurudi shuleni. Baada ya majuma machache barabara ilifunguliwa na Madamu Agnesi akatuambia kwamba watu wa Kiwanja wamerudi kwao. Papa alirudi kwenye safari zake za Rutshuru, nami nilimwomba kila mara aulizie. Aliulizia kweli, lakini Kiwanja ni kubwa na akina Emanueli ni wengi.

Nilinunua daftari jipya. Niliandika jina la mji kwenye ukurasa wa kwanza, nikapanga nyumba, mbao na vikapu vyake. Nikangoja dirishani aonekane mtu. Wakatokea wengi, warefu wote, wazuri wote, wakapita barabarani na shughuli zao. Sifa alikuwa sokoni Kiwanja anauza vitunguu, amempita mama yake. Kule ghorofani nilikuwa nimebaki mimi.